Vioo vya Chartres Havichuruziki

Nimeulizwa tena: vioo vya kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, vimekaa madirishani miaka 800, vitamaliza lini kuchuruzika? Havichuruziki wala havijawahi kuchuruzika. Na anayeshauri vigeuzwe juu chini kila karne ili visawazike, tafadhali asiisogelee ngazi yangu.

Ushahidi wanaouleta ni ule ule: kipande kimepimwa, kimekutwa kinene chini, chembamba juu, basi kioo ni uji mzito unaoshuka polepole. Lakini aliyekipima hakupima cha jirani. Angeendelea angekuta vingine vinene juu, vingine ubavuni. Sababu iko tanurini. Fundi wa karne ya 13 alipuliza puto refu la kioo, akalikata ncha zote mbili, akalipasua ubavuni, akalitia moto tena na kulikunjua. Au alilizungusha hadi likafunguka kama sahani, nene katikati, nyembamba pembeni. Kwa njia zote mbili bapa halikutoka sawasawa, na kipande kilikatwa kufuata mchoro. Unene ukaangukia popote.

Bado mnabisha? Watafiti walitengeneza kioo chenye mchanganyiko wa vile vya Westminster Abbey, London, wakapima mnato wake. Hesabu yao: kwa miaka bilioni moja kingeshuka takriban nanomita moja, yaani sehemu ya milioni ya milimita. Vyombo vya kioo vya Misri ya mafarao vina zaidi ya miaka 3,000 na havijalegea hata mdomo.

Kinachoviua vioo vya Chartres ni maji. Vilitengenezwa kwa mchanga na majivu ya miti; potashi ya majivu hayo huvutwa na unyevu, na upande wa nje ukatoboka vishimo na kuota ukoko unaozuia mwanga. Dirisha la Bikira Maria na Mtoto hapo Chartres, liitwalo Belle Verrière, lilinusurika moto ulioliunguza kanisa hilo mwaka 1194, lakini moto si adui pekee: mikunjo ya nguo na macho ya watakatifu ni rangi ya kahawia iliyopakwa kwa brashi na kuchomwa juu ya kioo, nayo hubanduka. Dirisha likitoa tumbo, kilichochoka ni mikanda ya risasi inayoshika vipande, au nondo zilizoliwa na kutu.

Basi, kanisa lenu likiwa na vioo vya rangi: msizibe nyufa kwa silikoni. Msisugue kwa asidi wala sabuni ya vyoo. Upande uliopakwa brashi usiguswe kabla ya mtaalamu kuuona. Kagueni nondo kila mwaka. Fedha zikipatikana, wekeni kioo cha kinga kwa nje, hewa ipite katikati. Na pigeni picha kila dirisha sasa hivi, rula ikiwa pembeni. Atakayedai baadaye kwamba limeshuka alete na yake tulinganishe.