Musa, safina na vijiko sita: namna kichwa kinaunganisha maneno

Uliza mutu anayetoka kusali siku ya Mungu: Musa aliingiza wanyama wangapi wa kila aina ndani ya safina? Wengi watajibu mbio: wawili! Lakini safina haikuwa ya Musa, ilikuwa ya Noa. Na wanalijua vizuri.

Swali hilo njo watafiti wa Marekani Thomas Erickson na Mark Mattson walitumia katika uchunguzi waliochapisha mwaka 1981. Watu wengi waliteleza, ijapokuwa walimjua Noa, na hakuna aliyewaharakisha. Lakini ukiweka jina la mbali, tuseme la rais fulani, musomaji anashituka palepale.

Juu ya nini? Kichwa hakingojei nukta. Kila neno likiingia linaamsha jirani zake. Mwaka 1971, David Meyer na Roger Schvaneveldt walionyesha kama mutu anatambua neno «siagi» upesi zaidi likifuata «mukate» kuliko likifuata neno lisilohusiana nalo. Musa na Noa ni majirani: wote wa Agano la Kale, wote Mungu alisema nao, wote wako na hadisi ya maji. Kichwa kinaona jamaa, kinafungua mulango.

Mara nyingi hiyo ni faida. Njo maana mesaji ya telefoni yenye kuandikwa ovyo, bila nukta wala koma, inasikilika tu.

Lakini kandokando ya Ziwa Kivu na Tanganyika, ambako kolera inarudi-rudi, jirani anaweza kuleta hatari. Maji ya kumpa mutu anayehara, yakitengenezwa nyumbani, ni litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha munyu, vyote vya kusawazisha, si vya kujaza mulima. Mutu akigeuza kwa makosa, munyu ukachukua nafasi ya sukari, maneno yote yanabaki ya jamaa moja: maji, munyu, sukari, kijiko. Hakuna linaloshitusha. Ila maji hayo yanaweza kumuua mutoto.

Kusoma polepole peke yake hakutoshi. Wale wa 1981 nao walikuwa na wakati. Afazali kuvunja sentensi kwa maulizo: sita ya nini? Nusu ya nini? Na kama pakiti za serum ziko kwenye kituo cha afya, ni heri kuzitumia hizo kuliko kupima mwenyewe.