Viazi lishe bila mafuta ni hasara kwa mlaji

WAKULIMA wengi wanaolima viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa kama Kabode, Ejumula na Mataya, huvinadi sokoni kwa sifa moja: vina vitamini A. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini ina masharti.

Kilichomo ndani ya kiazi ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kwa wastani zinahitajika mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula kupata mikrogramu moja ya vitamini hiyo. Aidha, beta-karotini huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Mtoto anayekula kiazi cha kuchemsha kwa chai ya rangi, bila mafuta yoyote, hunufaika kidogo na kile ambacho mzazi wake amelipia.

Tiba yake ni rahisi. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula kwa kila mlaji kinatosha. Kwa mkulima, karanga ni njia nzuri zaidi, kwani karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Mama wa Usukumani anayepika michembe kwa karanga anafanya jambo la kitaalamu. Matembele nayo yaungwe kwa mafuta.

Kiazi kipikwe hadi kilainike, ndipo beta-karotini itoke kwa urahisi. Sufuria ifunikwe, na kisichemshwe kupita kiasi.

Hasara nyingine iko kwenye kukausha na kuhifadhi. Jua kali hupunguza beta-karotini, hivyo michembe ya viazi lishe ianikwe kivulini penye upepo. Hata hivyo, hasara kubwa zaidi hutokea ghalani kutokana na hewa na joto: baada ya miezi minne, zaidi ya nusu inaweza kuwa imepotea. Mfanyabiashara anayenunua magunia mengi akisubiri bei ipande anaweza kuishia kuuza wanga mtupu kwa jina la lishe.

Inafaa basi kukausha kidogo kidogo, kufungasha kwenye mifuko isiyopitisha hewa, kuandika tarehe na kuuza mapema. Na muuzaji wa sokoni akiweka fungu la karanga kando ya fungu la viazi lishe, atauza bidhaa mbili badala ya moja, na mteja atapata alichokifuata.