Kifaranga Duni Hula Faida ya Kidimbwi

Mkulima wa Trans Nzoia hahitaji kufundishwa thamani ya mbegu. Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mahindi chotara ya H611 yakatolewa mwaka 1964. Tangu enzi hizo, anayelenga magunia hachoti mahindi ghalani akayapanda na kutarajia mavuno yaleyale. Ajabu ni kwamba mkulima huyohuyo akichimba kidimbwi cha samaki, hununua vifaranga kwa yeyote aliye karibu, mradi bei ni nafuu. Haulizi wazazi wao walitoka wapi, vifaranga wana umri gani, wala kama ni madume watupu au wamechanganyika. Pakiti ya mahindi hubandikwa stika ya kuithibitisha, lakini kifaranga huja ndani ya mfuko wa nailoni wenye maji, bila alama yoyote. Mnunuzi ndiye mkaguzi. Hoja yangu ni kwamba ukaguzi huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika ufugaji wa samaki, na kwamba swali la bei linapaswa kuulizwa mwisho.

Historia ya karibuni inatufunza. Mwaka 2009 serikali, kupitia mpango wa kuchochea uchumi, iliamua kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140 yaliyoteuliwa. Kila kidimbwi kilikuwa cha mita mraba 300 na kilihitaji vifaranga 1,000. Piga hesabu: vidimbwi 28,000, vifaranga milioni 28, na hayo ni mahitaji ya kujaza mara moja tu. Vituo vya serikali vya kuzalisha vifaranga, kikiwemo kile cha Sagana kilichoanzishwa mwaka 1948, havingeweza kutosheleza mahitaji hayo kwa ghafla. Pengo hilo lilizibwa na kila aliyekuwa na wavu na kidimbwi chenye samaki. Vidimbwi vingi vilivyoachwa baadaye vilikuwa na matatizo mengine pia, kama uhaba wa maji, chakula ghali na ukosefu wa ushauri. Hata hivyo, mfugaji aliyeanza na vifaranga vilivyodumaa alikuwa ameshindwa kabla ya kutupa konzi ya kwanza ya chakula.

Sababu iko katika maumbile ya tilapia, au ngege kama wengi wanavyomwita. Akiwa kidimbwini, samaki huyu hukomaa mapema mno, hata akiwa na miezi mitatu hadi mitano na uzito wa gramu 30 au 40 tu. Jike hutaga, huyaokota mayai na kuyaatamia mdomoni, na muda wote huo hali chakula cha kutosha, kwa hiyo hakui. Wanawe wakitoka mdomoni huanza kugombania chakula kilekile na wazazi wao. Baada ya miezi michache kidimbwi cha samaki 1,000 kina maelfu, na wote ni wadogo. Hapo ndipo hatari kubwa hujitokeza, kwa kuwa samaki hao waliodumaa hulingana urefu na vifaranga, na huuzwa kama vifaranga. Ukimshika mmoja mkononi utaona kichwa ni kikubwa kuliko inavyostahili mwili ule mwembamba. Ukifungua mdomo wa jike mwenye urefu wa kidole, unaweza kukuta mayai ya rangi ya manjano. Huyo ni mama mzima, na wiki chache tu baada ya kumtia majini atakuwa amekujazia kidimbwi.

Hali ya hewa ya Kitale huzidisha tatizo hili. Mji jirani wa Bungoma uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Kitale takriban mita 1,900, ambako maji ni baridi zaidi. Tilapia hukua vizuri maji yakiwa na nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, na yakishuka chini ya 20 hula kidogo sana. Kwa hiyo samaki wa Kitale huchukua muda mrefu zaidi kufikia uzito wa sokoni, na katika muda huo wote jike hupata nafasi ya kuzaa kila maji yanapopata joto. Mfugaji wa nyanda za juu ana sababu kubwa kuliko yeyote ya kudai vifaranga vya madume watupu, tena vilivyokwisha kukua kidogo, ili asipoteze miezi ya mwanzo kwenye baridi.

Pingamizi la kwanza ni la pesa: vifaranga bora ni ghali, na mkulima mdogo hana. Tuchukue mfano. Tuseme kifaranga bora kinazidi kile cha bei rahisi kwa Sh5. Kwa vifaranga 1,000, tofauti ni Sh5,000. Ukitaka kuvuna kilo 270 za samaki, na kila kilo ya samaki ikihitaji kilo moja na nusu ya chakula, utatumia kilo 400 hivi. Kwa Sh100 kwa kilo, hiyo ni Sh40,000. Chakula ndicho kinachobeba zaidi ya nusu ya gharama ya mfugaji, na samaki aliyedumaa hukila bila kukigeuza kuwa nyama ya kuuza. Aliyeokoa Sh5,000 mwanzoni ameziweka rehani Sh40,000 zote.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Madume watupu hupatikana kwa kuwalisha vifaranga wachanga homoni ya methiltestosteroni, na walaji wana haki ya kuuliza kama ni salama. Homoni hiyo huchanganywa kwa kiasi cha miligramu 60 katika kilo ya chakula, kwa wiki tatu au nne za mwanzo, kifaranga akiwa hajafikia hata gramu moja. Vipimo vimeonyesha kwamba huondoka mwilini katika wiki chache baada ya kusitishwa, ilhali samaki huvunwa miezi mingi baadaye. Anayehitaji kulindwa zaidi ni mfanyakazi anayeichanganya, pamoja na mto unaopokea maji ya kituo. Asiyeikubali kabisa ana njia nyingine. Anaweza kuwatenganisha kwa mkono wakiwa na gramu 20 hadi 30, kwa kutazama matundu yaliyo tumboni karibu na mkia, ambapo dume ana mawili na jike matatu. Anaweza pia kuongeza kambare wachache wawale wanaozaliwa. Njia hizo zinataka kazi na uangalifu, lakini zinafaa.

Wengine husema ni heri kuchukua samaki wa ziwani bure. Ushauri huo ni wa hatari. Virusi vya tilapia viligunduliwa katika Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na Uganda, kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2018, na samaki wa mwituni huja na aina zilizochanganyika ambazo jicho la kawaida halizitambui. Wala umbali si kisingizio, kwa kuwa Bungoma ina shamba la samaki la Chwele, linalofikika pia kutoka Kitale.

Basi kabla ya kulipa, omba kuonyeshwa samaki wazazi na uulize walitoka wapi na hubadilishwa kila baada ya muda gani. Vifaranga wawe wa ukubwa mmoja, wachangamfu, wasio na vidonda wala mapezi yaliyoliwa. Kwa kambare ulingano huo ni lazima, kwa sababu wakubwa huwala wadogo. Wawe wamenyimwa chakula siku moja kabla ya safari, wapakiwe na oksijeni, na wasafirishwe alfajiri. Ukifika, acha mfuko uelee kidimbwini kwa nusu saa, kisha changanya maji kidogo kidogo. Nazo serikali za kaunti za Bungoma na Trans Nzoia zichapishe orodha ya vituo vilivyokaguliwa, ili mkulima ajue pa kwenda. Muuzaji asiyetaka kukuonyesha samaki wazazi, usinunue kwake.