Kabla ya dawa, keti upige hesabu

Masomo: Isaya 56:1-8, Luka 14:28-30, Matendo ya Mitume 8:26-40

Jumapili ya leo naomba tutafakari jambo ambalo makanisani tunalikwepa, na likitajwa tunaanza kukohoa na kutazama chini. Naomba usifunge gazeti. Huenda jambo hili liko nyumba ya tatu kutoka kwako, au liko ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Miezi kadhaa iliyopita mama mmoja wa upande wa Mzenga, wilayani Kisarawe, alinisubiri hadi watu wakaisha kutoka ibadani. Alikuja na mtoto wake wa miaka 18. Wamenipa ruhusa kulieleza, nami nimebadilisha mambo kadhaa ili wasitambulike.

Wewe unayeifahamu nchi ya Wazaramo unajua uzito wa kuvunja ungo. Binti akivunja ungo anakuwa mwali, anawekwa ndani, anafundwa na kungwi, na siku ya kutolewa mashangazi wanakuja na kanga zao na ngoma inalia. Hata familia za Kikristo ambazo zimeacha sehemu kubwa ya mila hizo bado zinahesabu miaka. Mtoto huyu alilelewa kama binti. Wenzake walivunja ungo akiwa na miaka 13, yeye kimya. Akafika 15, kimya. Kifua hakikuota. Badala yake sauti ikawa nzito, na juu ya mdomo vikaanza kutokea vinyweleo.

Mama alianza kwa waganga wa mitishamba, akaenda kwa waombeaji, na mwisho akaenda hospitali. Huko vipimo vilionyesha kwamba mtoto hana kizazi, na kwamba ndani ya kinena chake mna korodani ambazo hazikushuka. Daktari akawaeleza kwamba wapo watu wanaozaliwa hivi, ambao maumbile yao hayakufuata njia moja iliyozoeleka. Wengi wetu tunawaita watu wenye jinsia mbili. Wataalamu wanasema jinsi tata. Akawaambia zipo dawa za homoni zinazoweza kuuelekeza mwili upande wa kike, na zipo za upande wa kiume, na ipo pia njia ya kusubiri kwanza. Akasisitiza: msikimbilie.

Lakini mama alikuwa tayari amekimbilia. Ndugu mmoja wa mjini alikuwa amemletea vidonge vya kike kutoka duka la dawa, bila cheti. Vilikuwa kwenye pochi yake, vimefungwa katika kipande cha gazeti. "Mchungaji," akaniambia, "uviombee, aanze leo, ili mwakani atolewe kama wenzake."

Mtoto alikuwa amekaa kimya. Nilipomuuliza yeye anasemaje, alijibu polepole: "Mchungaji, nikimeza nitakuwa nimemkosea Mungu? Na nisipomeza, mimi ni nani?"

Mpendwa msomaji, wewe ungejibu nini?

Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, swali lao la kwanza lilikuwa ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Soma Yohana sura ya 9. Yesu alilikataa swali lenyewe. Hakuna aliyetenda dhambi ndipo hali ile ikatokea. Basi na sisi tuanzie hapo. Mtoto anayezaliwa na jinsi tata hakulogwa, mama yake hakukosea mwiko wowote, na hakuna pepo la kutoa. Huo ni mwili ulioumbwa tumboni, na Mungu hakuwa amesinzia alipokuwa akiuumba.

Sasa tuje kwenye dawa. Katika Luka 14 Bwana anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu mwenye akili haanzi kuchimba msingi kabla ya kukaa chini na kupiga hesabu kama ataweza kumaliza. Bwana alisema hivyo kuhusu gharama ya kumfuata, lakini busara yake inatufaa katika kila jambo ambalo ukilianza huwezi kulirudisha nyuma kirahisi.

Homoni ni mnara wa namna hiyo. Dawa za kiume zikiifanya sauti kuwa nzito, sauti hairudi hata ukiziacha. Dawa za kike zikiotesha matiti, yanabaki. Dawa za kike zinaweza kuongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa; za kiume zinaweza kuifanya damu kuwa nzito kupita kiasi. Ndiyo maana mtumiaji anapaswa kupimwa damu mara kwa mara, na vidonge vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti haviji na vipimo. Upande wa pili nao una hesabu yake. Korodani zilizobaki ndani ya mwili zina hatari kubwa zaidi ya kupata saratani kuliko zilizoshuka, kwa hiyo kukaa kimya bila kwenda hospitali nako si salama. Na zikitolewa, mwili hubaki bila homoni zake, mifupa hudhoofika, na mtu atahitaji dawa kwa miaka mingi. Nauli, vipimo, dawa, na swali la kupata watoto: yote hayo ni matofali ya mnara.

Jirani zetu Uganda wana ushuhuda unaouma. Annet Negesa alikuwa mwanariadha kijana aliyeshinda medali ya dhahabu katika Michezo ya Afrika, Maputo, mwaka 2011. Mwaka 2012, akiwa na miaka 20 na akijiandaa kwa Olimpiki ya London, aliondolewa kwa sababu homoni za kiume mwilini mwake zilikuwa juu. Mwaka huo huo alifanyiwa upasuaji Kampala. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba alidhani ni jambo jepesi, kama sindano tu, na alipoamka akakuta makovu tumboni. Anasema hata homoni alizohitaji baada ya hapo hakupewa ipasavyo. Mwili ulichoka, viungo viliuma, na mbio zikaisha. Chama cha riadha cha dunia kimekana kuhusika na upasuaji huo. Mwaka 2019 alijitokeza hadharani kueleza yaliyompata, akiwa Ujerumani alikokimbilia.

Mfananishe na Francine Niyonsaba wa Burundi, mshindi wa medali ya fedha ya mita 800 katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Naye aliambiwa apunguze homoni zake za asili kwa dawa ili aendelee na mbio hizo. Hakukubali. Akahamia mbio ndefu, na Septemba 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 mjini Zagreb. Simtaji ili kusema kukataa dawa ndiyo njia ya kila mtu; wapo ambao dawa zimewasaidia sana. Namtaja kwa sababu yeye alijua anachokataa. Negesa hakujua alichokubali.

Unaweza kuuliza, kanisa linaruhusu? Ndugu zetu wa Kanisa Katoliki walitoa tamko kutoka Vatican Aprili 2024, liitwalo Dignitas Infinita. Tamko hilo linapinga kubadili jinsia. Lakini linasema wazi kwamba hilo halimzuii mtu mwenye kasoro za viungo vya uzazi, ziwe zimeonekana tangu kuzaliwa au zimejitokeza baadaye, kuchagua kutafuta msaada wa madaktari. Kwa hiyo hata walio makini kabisa katika mafundisho haya hawasemi kwamba mtoto huyu anamkosea Mungu kwa kuingia chumba cha daktari.

Najua pia kuna kijana mwingine anayesoma safu hii, ambaye daktari hakuona utata wowote mwilini mwake, lakini ndani ya moyo anahangaika na swali lile lile: mimi ni nani? Makanisa yetu mengi yana mafundisho yao juu ya hilo, nami sitakuficha. Ila nakuomba mambo mawili. Usinunue dawa za kificho, na usikae peke yako. Tafuta mtu mmoja mwenye siri na hofu ya Mungu, umweleze. Nawe mzazi au mzee wa kanisa utakayeelezwa, usimfukuze. Hujawahi kumsaidia mtu aliye nje ya mlango uliomfungia.

Turudi kwa yule towashi wa Kushi katika Matendo 8. Sisemi towashi na mwenye jinsi tata ni kitu kimoja. Lakini naye alikuwa mtu ambaye mwili wake ulifanya watu wamhesabu nje. Torati, Kumbukumbu 23, ilimzuia kuingia katika kusanyiko. Alikuwa anasoma kitabu cha Isaya garini. Sura chache tu mbele ya pale alipokuwa anasoma, katika sura ya 56, Mungu anawaahidi watu kama yeye nafasi nyumbani mwake na jina ambalo halitafutwa. Alipoyaona maji akamuuliza Filipo kama kuna kizuizi chochote cha yeye kubatizwa. Filipo hakumwambia, nenda kwanza ukatengeneze mwili wako. Aliteremka naye majini.

Yule mtoto wa Mzenga alikuwa mwanakwaya. Sauti ilipozama, mwalimu wa kwaya alimwambia hawezi kusimama na mabinti akaimba tenori. Akaacha kwaya, kisha akaacha ibada. Kumbe sisi tulikuwa tumeshamwekea kizuizi kabla hajaja kuuliza. Nilitubu kwa hilo mbele yake.

Siku ile sikuviombea vile vidonge. Tulikubaliana visimezwe. Tulikubaliana warudi kwa daktari, waombe kuandikiwa rufaa kwa mtaalamu wa homoni, waende na maswali kwenye daftari: dawa itabadili nini, nini hakitarudi, itagharimu nini, nikisubiri itakuwaje. Tulikubaliana kwamba atakayeamua ni yeye, kwa kuwa ana miaka 18 na mwili ni wake, na mama atakuwa pembeni yake. Kuhusu mashangazi, mama alisema atawajibu mwenyewe.

Na lile swali, mimi ni nani? Nilimjibu kwa neno ambalo mama yake alikuwa amelitumia tangu walipoingia: mwanangu. Lugha yetu ina neno hili zuri, halimuulizi mtu kama ni wa kike au wa kiume kabla ya kumpokea. Nikamwambia, kabla daktari hajaamua lolote, na kabla wewe hujaamua lolote, kwa Mungu wewe ni mwana. Hayo mengine utayapigia hesabu ukiwa nyumbani, hutayapiga ukiwa barabarani.

Bado hajaamua. Anaendelea na kliniki. Jumapili iliyopita alikuwa kwenye kwaya, mstari wa nyuma, akiimba tenori.

Tuombe: Ee Baba, uliyetuumba tumboni mwa mama zetu, wape hekima wanaopima mambo mazito juu ya miili yao. Wape madaktari subira, wazazi ujasiri, na sisi kanisa lako utuondolee vizuizi tulivyoviweka mlangoni. Amina.

Jumapili njema.