Elimo Njau: Msee Aliyemchora Yesu Mwafrika Murang'a Enzi za Emajensi

Ingia kwa shosho yeyote Runyenjes ucheki ukutani. Karibu na kalenda, si ajabu upate ile picha ya Yesu: mzungu, nywele ndefu, macho ya bluu. Imekaa hapo kitambo hadi hakuna mtu huuliza ilitoka wapi.

Sura hiyo ilitoka Ulaya. Karne ya 15, wachoraji wa Italia walipewa kazi ya kuweka hadithi za Biblia kwenye kuta. Fra Angelico, ambaye mwenyewe alikuwa mtawa, alichora kwenye nyumba ya watawa ya San Marco, Florence. Leonardo da Vinci akamaliza Karamu ya Mwisho kule Milan karibu 1498. Hakuna kati yao aliyewahi kumwona Yesu, kwa hivyo walimpa sura za watu wa kwao. Baadaye wamishenari wakatuletea sura hizo.

Sasa dandia mat ya Embu, halafu unganisha kupitia Sagana hadi Murang'a. Ndani ya kanisa kuu la Anglikana la Mtakatifu James kuna michoro mitano mikubwa ya Elimo Njau: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Yesu ni Mwafrika, watu wake ni Waafrika, na vilima ni vya huku kwetu.

Njau alizaliwa Marangu, Tanzania, 1932, akasomea sanaa Makerere chini ya Margaret Trowell. Kazi ya Murang'a aliifanya miaka ya mwisho ya 1950, Emajensi ikiwa bado haijaisha. Na hilo kanisa lilijengwa kukumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Fikiria hiyo presha: Kenya ni koloni, kijiji kina majeraha pande zote, halafu kijana wa miaka ishirini na kitu anaweka Mwafrika msalabani. Aliyefiwa, upande wowote, angeona mtu wake pale.

1965 Njau na wenzake wakaanzisha Paa ya Paa, nyumba ya sanaa Nairobi. Moto uliichoma 1997, lakini msimamo wake ulibaki ule ule: usicopy.

Cha kuchekesha ni kwamba Njau alifanya kitu kile kile Waitaliano walifanya: alichora watu wa kwao. Tofauti ni kwamba picha yao ilifika hadi Runyenjes, na yake, iliyo karibu hivi, wengi wetu hatujaiona.