London na Paris: kila jiji na pale linapokukamua

Muulize wakala wa safari bei ya wiki moja London na wiki moja Paris, tarehe zilezile, hoteli za nyota tatu zote mbili, na mara nyingi atakupa bei zinazokaribiana. Basi unabaki kuamua kwa mapenzi: mmoja nyumbani anataka Big Ben, mwingine anataka Mnara wa Eiffel. Bei ya wakala ina yake isiyoyasema. Serikali za Uingereza na Ufaransa, pamoja na halmashauri za majiji hayo, zina milango yao ya kuchumia kwa mgeni, na milango hiyo haiko sehemu moja. London hukukamua kabla hujafika na tena unapoondoka. Katikati hukuachia upumue. Paris hukukaribisha kwa bei nafuu, ikakuandama hotelini na kwenye makumbusho, kisha siku ya kuaga ikakurudishia kidogo.

Mlango wa kwanza ni viza. Uingereza haimo katika kundi la Schengen, kwa hiyo Mtanzania au Mkenya anayetaka majiji yote mawili huomba mara mbili na kulipa mara mbili. Viza ya matembezi ya Uingereza, ya hadi miezi sita, ilipanda Aprili 2025 kutoka pauni 115 hadi 127. Ya Schengen ilipanda Juni 2024 kutoka euro 80 hadi 90. Kwa msafiri wa peke yake tofauti hiyo inavumilika. Kwa familia ni jambo jingine, maana Uingereza humtoza mtoto sawa na mtu mzima, ilhali Schengen humtoza mtoto wa miaka 6 hadi 11 euro 45 tu, na aliye chini ya hapo hatozwi kitu. Mume na mke wenye watoto wa miaka 7 na 10 watalipa pauni 508 kuomba kwenda London kwa ada hiyo ya 2025, na euro 270 kuomba kwenda Paris, kabla ya ada ya kituo kinachopokea maombi. Ni kweli Paris itawadai pia bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, ambayo London haiidai. Viza ikikataliwa, ada hairudi, huku wala kule.

Mkishafika, mizani inageuka. Tangu 2001 makumbusho ya taifa ya Uingereza hayatozi kiingilio kwa mikusanyo yake ya kudumu, na British Museum ilifungua milango bure mwaka 1759. National Gallery, Tate Modern, Natural History Museum na mifupa yake ya dinosaria: unaingia, unatoka, unarudi kesho, hakuna anayekuuliza tiketi isipokuwa kwa maonyesho maalumu. Familia inaweza kumaliza siku tatu hivyo na isitoe hata pauni moja ya kiingilio.

Louvre imekwenda njia nyingine. Tiketi ilikuwa euro 17 hadi mwisho wa 2023, ikawa 22 Januari 2024, na kuanzia Januari 2026 mgeni anayetoka nje ya Eneo la Uchumi la Ulaya analipa 32. Mjerumani na Mnorwe wamebaki kwenye 22. Rais Emmanuel Macron alikwisha kulidokeza jambo hilo Januari 2025 alipotangaza mpango wa kulikarabati jumba hilo: wa mbali achangie zaidi. Mnara wa Eiffel nao ulipandisha bei Juni 2024, na lifti ya kufika kileleni ikatoka euro 29.40 hadi 35.30. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna mdomo wa kulalamika sana, maana mgeni anayeingia Serengeti au Maasai Mara analipa mara kadhaa ya anacholipa mwenyeji. Safari hii tumekaa upande wa pili wa kaunta.

Wanaojua Paris huzunguka. Walio chini ya miaka 18 hawalipi Louvre hata wakitoka Dodoma. Makumbusho ya halmashauri ya jiji, kama Carnavalet na Petit Palais, mikusanyo yake ya kudumu ni bure. Notre-Dame, iliyoungua Aprili 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024, haina kiingilio. Mwenye hamu na Centre Pompidou asubiri, kwa kuwa lilifungwa 2025 kwa ukarabati wa miaka mitano.

Nauli za mjini zisikuumize kichwa. Paris ya ndani ni kilomita za mraba 105 tu. London yote ni zaidi ya 1,500. Paris ukichoka metro unatembea, na London mwenye haraka atakuwa mteja wa treni ya chini ya ardhi atake asitake, ingawa watoto chini ya miaka 11 hupanda bure wakiwa na mtu mzima.

Chakula ndiko Ufaransa inakoshinda, na sababu iko kwenye vitabu vya kodi. VAT ya mgahawani na hotelini Ufaransa ni asilimia 10, vileo vikitengwa. Uingereza ni asilimia 20. Isitoshe, bili ya Paris ina huduma ndani yake kwa mujibu wa sheria, na ukiomba jagi la maji ya bomba pamoja na mkate huongezewi senti. Bili ya London huja na mstari wa chini kabisa: huduma, asilimia 12.5. Si lazima kuulipa. Lakini jaribu kumwambia mhudumu aufute huku wanao wanakutazama.

Mchezo mkubwa zaidi uko madukani. Hadi mwisho wa 2020, mgeni aliyenunua koti Oxford Street au mkoba Harrods aliweza kudai VAT yake uwanja wa ndege. Rishi Sunak, wakati huo waziri wa fedha, akaufuta utaratibu huo kuanzia 1 Januari 2021. Wafanyabiashara walipiga kelele. Septemba 2022 Kwasi Kwarteng akaahidi kuurudisha. Mwezi uliofuata Jeremy Hunt, aliyemrithi, akaifuta ahadi. Leo njia iliyobaki ni duka likusafirishie mzigo moja kwa moja hadi kwenu. Kichekesho ni kwamba Waingereza wenyewe, wakishakuwa wageni wa Umoja wa Ulaya baada ya Brexit, sasa wanapanda treni kwenda kununua Paris na kudai kodi yao huko.

Huko mambo huenda hivi. Ukinunua bidhaa za zaidi ya euro 100 katika duka moja, Galeries Lafayette tuseme, unaonyesha pasipoti na kupewa fomu yenye msimbo. Siku ya kuondoka, kabla ya kukabidhi begi kubwa, unatafuta uwanjani mashine za forodha ziitwazo Pablo, unachagua lugha, unaelekeza fomu kwenye kisoma-msimbo, na kioo kikiwaka kijani, forodha imeridhia. Kikiwaka chekundu, nenda kwa afisa na mzigo wako mkononi. Waliokwisha kuuacha mkoba kwenye begi lililopakiwa hujuta hapo. Usitegemee kurudishiwa kodi yote. VAT ya asilimia 20 ni sehemu ya sita ya bei iliyobandikwa, na kampuni inayoshughulikia marejesho hukata chake, hivyo wengi huishia na asilimia 10 hadi 12 ya walicholipa. Hata hivyo, kwenye mkoba wa euro 1,500 hiyo ni zaidi ya mia na hamsini.

Mlango wa mwisho ni wa kuondokea. Uingereza hukata kodi kwa kila abiria anayeruka kutoka ardhi yake. Kwa safari ya kuja Nairobi au Dar es Salaam, daraja la kawaida, iliwekwa pauni 90 Aprili 2025, na bajeti ikapanga 102 kuanzia Aprili 2026. Ufaransa nayo iliongeza yake Machi 2025, lakini kwa umbali huohuo ni euro 40. Angalizo kwa wenye watoto: Uingereza haimtozi mtoto wa chini ya miaka 16 aliye daraja la kawaida, Ufaransa humsamehe yule wa chini ya miaka 2 tu. Faida hiyo, basi, ni ya watu wazima.

Mwenye viza zote mbili na asiye na kundi la watoto namshauri aingilie London na atokee Paris. Kenya Airways inaruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi majiji yote mawili, na tiketi ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine huuzwa kama nyingine yoyote. Siku za kwanza atazame vya bure London, pochi akiifunga. Kisha apande Eurostar pale St Pancras, saa mbili na robo hivi hadi Gare du Nord. Askari wa Ufaransa atakagua pasipoti yake palepale London kabla hajapanda, na kodi ya ndege ya Uingereza haimgusi kwa sababu ameondoka kwa reli. Ununuzi wote aufanye Paris, mwishoni. Familia yenye bajeti ya viza moja, mimi ningeipeleka Paris, ila iwe imepiga hesabu ya tozo ya kulala.

Tozo hiyo si ndogo tena. Januari 2024, ili kugharimia usafiri wa umma wa mkoa wa Paris, ilitoka euro 2.88 hadi 8.13 kwa mtu mzima kwa usiku katika hoteli ya nyota nne, na kutoka 1.88 hadi 5.20 katika nyota tatu. Wawili wakilala usiku tano katika nyota nne, ni euro 81.30 juu ya bei ya chumba, na mara nyingi hudaiwa kaunta wakati wakala amekwisha kukutakia safari njema. London haikuwa na tozo ya namna hiyo. Novemba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kuwapa mameya wa England mamlaka ya kuianzisha, na Sadiq Khan wa London akaipokea habari kwa furaha. Wenye hoteli, kupitia chama chao cha UKHospitality, wanapinga: mgeni wao analipa VAT ya asilimia 20 kwenye chumba, na yule wa Paris analipa 10.