Mganga naye Ajifunze Kufundisha

Mwalimu wa shule ya kijijini haingii darasani kabla ya kukaa miaka katika shule ya ualimu. Huko tulifundishwa kutengeneza somo, kuandika ubaoni, kuuliza swali moja tu na kungojea jibu lake. Mkaguzi aliketi nyuma na daftari yake, nasi tukatokwa na jasho. Lakini yule anayemfundisha mganga wa kesho katika chuo kikuu, mara nyingi hakuna aliyemwonyesha namna ya kufundisha. Alikuwa hodari katika kazi yake, alishinda mitihani yote, basi akaambiwa: Haya, fundisha.

Nalilitambua jambo hili nilipokuwa nikimwuguza mama yangu mdogo hospitalini. Asubuhi moja alifika mwalimu wa waganga pamoja na wanafunzi wapatao ishirini. Akasimama penye kichwa cha kitanda, akasema Kifaransa kwa sauti ya chini karibu robo saa. Walio mbele waliandika. Walio nyuma walitazama dirishani. Kisha akamwuliza kijana mmoja dalili za ugonjwa wa ini. Kijana akazitaja zote, bila kukosa hata moja, kama mtoto asemaye katekisimu. Ndipo alipoambiwa atafute ini la mgonjwa kwa mkono. Vidole vyake vikatangatanga tumboni, mama akaugua kwa maumivu, wenzake wakacheka. Mwalimu akamkaripia, wakaendelea na kitanda cha pili.

Kijana yule hakuonyeshwa kitu. Na siku moja atakuwa peke yake, usiku, katika hospitali ya mbali, pamoja na mkono ule ule usiojua.

Jambo hili si geni. William Osler, mganga mashuhuri aliyezaliwa Kanada mwaka 1849, aliwatoa wanafunzi wake katika viti vya darasa akawapeleka vitandani mwa wagonjwa, katika hospitali ya Johns Hopkins huko Marekani. Lakini kukaa karibu na kitanda hakutoshi, kama nilivyoona mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1950, mganga George Miller wa Chuo Kikuu cha Buffalo alifanya jambo lililowashangaza wenzake: aliwaita wataalamu wa malezi na ualimu, akawakalisha meza moja na walimu wa uganga. Nadhani haikuwa rahisi kwa bwana mkubwa wa upasuaji kuambiwa na mwalimu wa shule kwamba somo lake halieleweki! Mwaka 1961 Miller na wenzake walitoa kitabu juu ya kufundisha na kujifunza katika shule ya uganga. Mwaka 1990 akaeleza ngazi nne: mwanafunzi kwanza anajua, kisha anajua namna ya kufanya, kisha anaonyesha namna hiyo mbele ya mwalimu, mwishoni anatenda kweli katika kazi yake ya kila siku. Kijana wetu alikuwa katika ngazi ya kwanza, akapewa mtihani wa ngazi ya tatu.

Wengine walitafuta njia za kumpandisha mwanafunzi bila kumwumiza mgonjwa. Mwaka 1963, huko Los Angeles, mganga Howard Barrows alimfundisha mtu mzima wa afya kuigiza ugonjwa, ili wanafunzi wajaribu kwake kwanza. Naye Ronald Harden, huko Dundee katika Uskoti, alieleza mwaka 1975 mtihani wa vituo: mwanafunzi anapita kituo hata kituo, hapa anapima, pale anamwuliza mgonjwa habari zake, na kila msahihishaji anayo orodha iliyotengenezwa mbele. Upendeleo hupungua, na uvivu wa mwalimu huonekana pia, kwa maana wote wakikosa kituo kimoja, tutamlaumu nani?

Kwetu Kongo jambo hili lina uzito wake. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, hapakuwa na Mkongomani hata mmoja aliyekwisha kupata daraja ya udaktari, ingawa Chuo Kikuu cha Lovanium kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1954. Palikuwa na waganga wasaidizi na wauguzi, na wasaidizi wengi walipelekwa Ufaransa kumaliza masomo. Leo waganga wanafundishwa Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani, Bukavu na mahali pengine. Vyumba vimejaa, vitabu ni vichache. Watu husema: Tupeni mashine kwanza. Mimi sikubali kabisa. Kutengeneza somo, kugawa wanafunzi ishirini wawe watano watano, kumwomba mgonjwa ruhusa kwa lugha yake, kumsahihisha kijana bila kumwaibisha: hayo hayangoji meli wala ndege. Bwana Yesu aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili, nao waliporudi aliwasikiliza.

Jioni ya siku ile sista mmoja mzee, mwuguzi, alimwita kijana arudi. Akamwomba mama radhi kwa Kiswahili. Akaushika mkono wa kijana, akaulaza chini ya mbavu za kuume, akasema: «Usisukume. Ngoja. Mama, vuta pumzi.»

Mama akavuta pumzi. Ini likashuka, likagusa vidole.

«Nimelisikia, Sista,» akasema kijana.

«Basi, mara ya pili, bila mkono wangu.»